Eti walichelewa kudai wimbo wao

Jumamosi nilikuwa kwenye sendoff ya binti wa jirani, DJ akapiga Why Do Fools Fall in Love, sisi wenye mvi tukainuka na magoti yetu mabovu, na kijana mmoja meza ya pembeni akamwambia mwenzake huu wa Diana Ross, mama alikuwa nao kwenye kaseti. Nikameza. Pilau lilipoletwa nikashindwa kuvumilia, nikamwambia yule kijana, mwanangu, Diana Ross kaurudia tu 1981, wenyewe ni watoto wa shule wa New York, Frankie Lymon and the Teenagers. Akafungua simu, kidogo tu akaniinulia uso: "Aaah anko, yule dogo wa unga! Eti alikuwa na wake watatu!"

Hapo ndo nilipochemka.

Maana kila mahali story ni hiyohiyo. Frankie alikufa Februari 1968 kwa heroini, bafuni kwa bibi yake Harlem, ana miaka 25, halafu wakajitokeza wajane watatu kugombania hela. Ni kweli yote, sibishi. Lakini ukiisimulia hivyo unakuwa umemaliza, dogo alijiharibia mwenyewe, pole yake, tupige wimbo mwingine. Na wale wanne waliosimama nyuma yake je? Herman Santiago, Jimmy Merchant, Joe Negroni, Sherman Garnes. Nani anawataja?

Kundi lenyewe lilikuwepo kabla ya Frankie, na Santiago ndiye alikuwa anaongoza. Frankie kaja na kile kisauti chembamba cha juu kabisa, mtu mzima mkiwekwa naye kwenye kwaya moja unajiona umekuja kupanga viti. Wimbo ukatoka Januari 1956, Frankie ana miaka 13, ukafika namba 6 kwenye chati ya pop ya Marekani, na Uingereza ukashika namba 1. Katikati ya 1957 wakubwa wakaona dogo anauzika peke yake, wakamchomoa. Mwaka na nusu hivi, kwisha. Sauti ya mtoto wa kiume nayo si ya kuwekea dhamana, ikavunjika kama zinavyovunjika zote, na wenzake wakabaki wanazungushiwa muimbaji mmoja baada ya mwingine. Na mwaka huohuo Frankie, mtoto mweusi, alicheza na binti wa kizungu kwenye kipindi cha TV cha mtangazaji Alan Freed, vituo vya kusini mwa Marekani vikaja juu na kipindi kikafutwa. Kwa kucheza tu jamani.

Ila mimi kinachoninyima usingizi ni karatasi. Santiago na Merchant wanasema wao ndo waliuanzisha ule wimbo, inasemekana kutokana na barua za mapenzi walizopewa na jirani (fikiria, jirani anawapa watoto barua za mchumba wake, uswahilini kila mahali kumbe), na Frankie akautia vionjo vyake. Ulipoandikishwa majina yakawa mawili, Lymon na George Goldner, mwenye kampuni ya rekodi. Baadaye Goldner akauza biashara zake kwa Morris Levy, na ghafla mtunzi akawa Lymon na Levy. Yaani unanunua kampuni na utunzi unakuja nao kama makochi ya nyumba! Kama hivyo inawezekana basi mimi nimenunua redio, naomba nitambulike kama mtunzi wa taarabu zote zilizowahi kupita humo. Levy huyohuyo, kama hamjui, alitiwa hatiani 1988 kwa njama za kutoza watu pesa kwa vitisho, akafa 1990 hajatumikia hata siku moja.

Haya, Goldner nimpe chake, alikuwa na sikio, bila yeye wale watoto wangeishia kuimba kwenye kona ya mtaa wao. Sawa. Kusikia mtoto anaimba vizuri ndo kutunga?

Wazee wawili wakaenda mahakamani. 1992 jopo la raia huko New York likasikiliza kila kitu likasema ndiyo, Santiago na Merchant ni watunzi pamoja na Frankie. Ningeishia hapa mngepiga vigelegele. 1996 mahakama ya rufaa ikatengua, na haikusema wale wazee ni waongo, hapana, ilisema wamechelewa, sheria inampa mtu miaka 3 tangu ajue haki yake imeliwa. Miaka mitatu! Vijana wa mtaani wasio na wakili wala mzazi mwenye uwezo, wamshitaki mtu ambaye watu wazima wenye kampuni zao walikuwa wanamuogopa. Najua sheria lazima iwe na mwisho, la sivyo kila mtu angefufua kesi ya shamba la babu yake, hilo naelewa. Lakini ukiwaambia watu kwamba kazi ni yenu ila siku zimepita, ungewapiga kofi tu wangekwenda nyumbani na heshima kidogo.

Garnes na Negroni hawakuiona hata hiyo hukumu nzuri, walifariki 1977 na 1978. Mwaka 1993 kundi likaingizwa kwenye jumba la heshima la rock and roll, ngao ikatolewa. Ngao hailipi kodi ya nyumba.

Basi nikamwambia yule kijana weka earphone, acha huyo Diana wako, tafuta ule wa 1956, sikiliza sekunde za mwanzo kabisa kabla Frankie hajafungua mdomo, ile besi inayoingia peke yake. Akasikiliza, kelele za ukumbi na zote, akatoa sikio moja.

"Huyu naye ni mtoto?"

Sherman Garnes, nikamwambia. Miaka 15. Akaurudisha mwanzo.