Bwana Excudit na Misalaba Mitatu

Kwa kuwa rafiki yangu ameshaituma kwenye kundi la WhatsApp video ile aliyonirekodi nikiaibika kwenye maonyesho, tena ameikata mahali pabaya kuliko pote, naona heri niisimulie mwenyewe kabla haijamfikia mama yangu.

Jumamosi nilimwongoza yeye na shangazi yake, aliyekuja kutembea kutoka Lushoto, kwenye maonyesho ya picha za chapa za zamani hapa Amsterdam. Nilijiona mwenyeji, na kwa vile tulizungumza Kiswahili, niliamini hakuna mwingine ukumbini atakayenielewa. (Mnaocheka sasa, subirini kwanza.)

Nilianza vizuri. Simba mwenye upanga na mishale saba nilimweleza sawasawa, kwamba mishale ile ni majimbo saba yaliyoungana dhidi ya mfalme wa Hispania. Ngao ya jiji nayo niliijua: taji la juu lilitokana na ruhusa ya Mfalme Maximilian mwaka 1489, na misalaba mitatu ni ya Mtakatifu Andrea, ingawa nilitania kwamba inafanana na alama za kosa kwenye daftari la mwanafunzi mzembe. Shangazi akacheka, nami kichwa kikavimba.

Ndipo tulipofika kwa yule mwanamke. Alishika kioo mkono mmoja, na kwenye mkono wa pili alijiviringisha nyoka aliyechongwa kwa mistari myembamba kiasi kwamba ungeweza kuyahesabu magamba yake. Nikakohoa kidogo kama mhubiri, nikatangaza kuwa huyu ni mwanamke wa majivuno anayejitazama kutwa kucha, na nyoka ni shetani anayemdanganya. Nikaendelea kwamba mchoraji alikuwa mwanamke aitwaye Prvdentia, kwani jina lake liko chini kwa herufi kubwa, lakini fundi hodari kuliko wote alikuwa Bwana Excudit, ambaye jina lake limo karibu katika kila picha ukutani. "Ukoo wao ulikuwa tajiri mno," nikasema. Ukoo huo, ndugu zangu, hata leo sijui niliutoa wapi.

Nyuma yangu mtu akaguna. Nilipogeuka, nilimwona bibi wa Kiholanzi mwenye mvi tupu na kitambulisho cha kazi kifuani. Alinitazama kama muuguzi anavyomtazama mtoto kabla ya sindano, kisha akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu: "Samahani, mwanangu. Excudit si mtu."

Kinywa changu kilibaki wazi. Nilitafuta neno lolote la kujiokoa, na lililotoka lilikuwa: "Shikamoo."

"Marahaba," akajibu kwa upole, kisha akanimaliza. Excudit ni Kilatini, maana yake "ameichapisha," na mtu ni yule anayetajwa kabla yake, kama Visscher aliyekuwa na duka la picha mtaa wa Kalverstraat. Sculpsit humtambulisha aliyechonga bamba la shaba, na invenit aliyebuni picha. Ile V husomwa U, na Prudentia ni Busara mwenyewe: kioo ni cha kujichunguza, na nyoka ni yule wa Injili ya Mathayo. "Iweni na busara kama nyoka," akaanza. "Na kuwa watu wapole kama hua," akamalizia shangazi, ambaye ni mzee wa kanisa, bila kunitazama.

Kumbe bibi alifundisha Mwanza miaka mingi. Wale wawili wakawa marafiki papo hapo, kahawa nikalipa mimi, tukaondoka.

Leo asubuhi rafiki yangu amenitumia picha ya ngao ya jiji bila hata salamu. Chini ya kila msalaba ameandika neno moja: Prvdentia, Excudit, Ukoo.