Jongoo Alikuwa Nje ya Mstari

Sheria ya kuhesabu majongoo bahari, wale wanyama laini kama tango wanaolala chini ya bahari, ni nyepesi ukiwa bado juu ya boti. Unatandaza futikamba ya mita 50 chini, unahesabu kila aliye ndani ya mita 1 upande huu na mita 1 upande ule. Aliye nje unampita na salamu zako. Aliyelala juu ya mpaka, zaidi ya nusu yake ikiwa ndani, anahesabiwa. Pungufu ya hapo, mwache na maisha yake. Aliyetunga sheria hii hajawahi kuzamia na mwenzangu.

Na msidhani jongoo mmoja ni jambo dogo. Mstari mmoja una mita za mraba 100, hekta ina 10,000, kwa hiyo jongoo mmoja ukimwingiza kwenye fomu, ukikokotoa kwa mstari huo anageuka majongoo 100 kwa hekta. Takwimu za namna hii ndizo zinazosaidia kuamua pa kufunga na pa kuruhusu uvuvi. Wanyama hawa wamevuliwa vibaya sana duniani, mpaka mwaka 2019 nchi za CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, zikakubaliana kudhibiti biashara ya kimataifa ya aina 3 za thamani kubwa. Kwa hiyo mimi siku ile nilikuwa naitetea sayansi. Mwenzangu anasema nilikuwa natetea ubishi tu.

Tulikuwa kwenye kina cha mita 12. Jongoo mwenyewe ni Bohadschia argus, chui mnene aliyenyimwa miguu, madoa mwili mzima. Kalala kipande ndani, kipande nje. Mwenzangu akanionyesha kidole: ndani. Nikatikisa kichwa: nje. Chini ya maji hakuna "nisikilize kwanza bwana". Kuna kidole, kuna kichwa, na kuna kutoa mapovu mengi ili mtu ajue umekasirika.

Akachomoa fimbo yetu ya mita 1 aipime upya. Kailaza mshazari! Fimbo ya mshazari inaweza kumwingiza mstarini hata nyangumi anayepita zake. Nikalala kifudifudi juu ya mchanga niwe sawa na mnyama, nione ukweli kwa macho yangu. Kumshika haturuhusiwi: jongoo ukimgusa anajikunja, na urefu unaouandika unakuwa wa uongo.

Sasa, kichwa cha jongoo kutambulika ni kazi. Ncha zote mbili zinafanana kwa mtu mwenye haraka. Mdomo huwa umeinamia chini, una vijimkono vya kuzolea mchanga. Ncha ya pili ni ya haja, na hukohuko ndiko anakopumulia, anavuta maji na kuyatoa. Kwa jamii hii, hukohuko tena ndiko kwenye silaha. Uso wangu ulikuwa hukohuko.

Fimbo ya mwenzangu ikamdunga ubavuni.

Hakuruka, hakukimbia. Alijikaza kidogo, akaielekeza ile ncha kwangu, zikaanza kutoka nyuzi. Nyeupe, laini, zinachomoza taratibu, zinarefuka zinapoguswa na maji, zinayumbayumba zikitafuta pa kushika. Zilishika glavu yangu ya kulia. Sekunde chache tu, gundi! Glavu ikashikana na kibao cha kuandikia, kibao na penseli, na nilipoinua mkono kujinasua, penseli ikashikana na nywele. Kila nilichokitumia kujiokoa nacho kikatekwa.

Vidole vinne vilikuwa vimegandamana na kibao. Kilichobaki huru ni gumba, na lilikuwa limesimama wima.

Kwa wazamiaji gumba juu si "mambo safi". Maana yake tupande, na haina mjadala: mmoja akionyesha, wote mnapanda. Mwenzangu akalitazama gumba, akanirudishia lake kwa heshima zote. Nikatikisa kichwa kwamba hapana, hapana! Akaona huyu sasa kachanganyikiwa, akanishika mkono. Wale wawili wa mstari wa pili wakaliona gumba nao, wakakunja kazi yao.

Kwenye mita 5 kuna kusimama dakika 3, kwa usalama. Dakika hizo nilizimaliza nikiwa nimeinua gumba mbele ya watu watatu, nao kila baada ya muda wananiashiria nitulie, tutapanda tu. Ndipo mwenzangu akaiona penseli kichwani. Ukicheka majini mashavu yanakunjamana, maji yanaingia kwenye miwani. Akacheka, ikajaa. Akaitoa maji, akanitazama, ikajaa tena.

Botini nahodha alitoa kisu kidogo, akanigeuza kichwa huku na huku.

"Mwanangu, umemkosea nini?"

"Sijamgusa, mzee. Fimbo ilikuwa ya huyu."

Dokta, kiongozi wetu, alikuja mbio. Nikajua anakuja kunipa pole.

"Jongoo alikuwa ndani au nje?"

"Nje, Dokta," nikasema.

"Ndani, Dokta," akasema mwenzangu, kwa wakati uleule.

Basi baada ya kupumzika tukarudishwa chini, sisi wawili, pamoja na ubishi wetu. Futikamba ipo palepale. Jongoo naye yupo, anakula mchanga wake, ila amejisogeza, mwili mzima sasa uko ndani. Mwenzangu alinionyesha kwa mikono yote miwili. Wataalamu wanasema nyuzi zake humwotea upya baada ya wiki kadhaa. Nywele zangu zimechelewa zaidi.

Kwenye fomu kaandikwa: 1, sentimita 31. Safu ya maelezo mwenzangu kaweka, "Ana hasira." Chini yake nikaongeza kwa mkono wa kushoto, "Alipohesabiwa alikuwa nje," na Dokta hadi leo anauliza ni nani aliyeruhusu watoto kuandika kwenye karatasi za kazi.