Savana Haikuwa Ardhi Tupu

Wiki iliyopita nilisoma taarifa iliyosifia kuenea kwa mashamba ya soya katika Cerrado, savana kubwa ya Brazili, na mwandishi wake akadai kwamba kilimo kimeipa kazi ardhi iliyokuwa tupu. Nimeshindwa kuisahau kauli hiyo. Pengine inaniuma zaidi kwa sababu hata sisi, tunapofyeka uoto wa asili ili tupande, husema tunasafisha shamba, kana kwamba kilichokuwapo kilikuwa uchafu.

Cerrado ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba milioni 2, na karibu nusu ya uoto wake wa asili imekwisha kugeuzwa mashamba na malisho. Zamani udongo wake ulihesabiwa kuwa haufai, kwa kuwa una asidi nyingi na alumini inayodhuru mizizi ya mazao. Watafiti, wakiwamo wa taasisi ya Embrapa iliyoundwa mwaka 1973, waliutibu kwa chokaa na fosfeti, wakatafuta mbegu za soya zinazostawi katika tropiki. Nakiri kwamba hiyo ilikuwa kazi kubwa ya kisayansi, na kwamba imelisha wengi. Sikubali kwamba kilichong'olewa kwa ajili yake hakikuwa na thamani.

Anayeitazama savana kwa juu huona nyasi na miti mifupi iliyopinda, yenye magome mazito, wala haoni kwamba sehemu kubwa ya uhai wake imo ardhini. Mimea yake mingi huvumilia moto na kiangazi kirefu kwa kuficha akiba udongoni. Ipo hata miti ambayo shina lake limezama chini, na juu yakabaki matawi machache yasiyofika kiunoni. Mizizi mingine hushuka mita nyingi kufuata maji, na mvua hupata njia ya kupenya hadi kwenye hifadhi zinazolisha mito kama São Francisco na Tocantins. Kisha huja matrekta mawili yakiburuta mnyororo mzito kati yao, na kila kilichosimama kinalala; jembe hung'oa kilichobaki chini. Soya inayofuata ina mizizi mifupi na hukaa shambani miezi michache tu. Nyasi za kale za savana hazirudi kwa kuliacha shamba lipumzike miaka kumi, na kupanda miti mahali pake si kuzirudisha, ingawa wako wanaoliita jambo hilo urejeshaji wa mazingira.

Sheria nazo zimejengwa juu ya dharau hiyohiyo. Sheria ya Misitu ya Brazili ya mwaka 2012 inamtaka mwenye ardhi katika msitu wa Amazon abakize asilimia 80 ya uoto wa asili, lakini katika sehemu kubwa ya Cerrado asilimia 20 zinatosha. Kampuni za soya zilipokubaliana mwaka 2006 kutonunua soya iliyolimwa penye msitu uliofyekwa upya, makubaliano hayo yaliihusu Amazon peke yake. Umoja wa Ulaya, katika sheria yake ya mwaka 2023 inayolenga kuzuia bidhaa zinazotoka penye misitu iliyofyekwa, unautambua msitu kwa miti inayozidi mita 5 na vivuli vinavyofunika zaidi ya asilimia 10 ya ardhi, kwa hiyo savana ya wazi haina mtetezi hapo pia. Katika miezi 12 iliyoishia Julai 2023, Cerrado ilipoteza zaidi ya kilomita za mraba 11,000 za uoto wake, kuliko hata Amazon.

Mwaka 2009 Brazili na Japani zilikubaliana na Msumbiji kuupeleka mfano wa Cerrado kaskazini mwa nchi hiyo, kupitia mpango ulioitwa ProSAVANA. Wakulima wadogo waliupinga kwa miaka mingi hadi ukafungwa mwaka 2020, maana katika ardhi hiyo ndimo yalimokuwa mashamba yao.