Samaki kuisha 2048: kusoma makala sio kazi ya mwalimu wa Kiingereza peke yake

Kuna walimu wa bayolojia wanasema ukitumia kipindi kumfundisha mwanafunzi namna ya kusoma makala ya kisayansi unapoteza muda, silabasi ndefu, mtihani hauulizi hayo, waachie watu wa lugha. Nawaelewa, silabasi haimsubiri mtu. Ila chukua ile habari ya samaki kuisha baharini ifikapo 2048, mpaka leo inazunguka mitandaoni.

Ilitokana na utafiti wa Boris Worm, mwanabayolojia wa bahari, na wenzake, jarida la Science, 2006, waliosema mwelekeo ukiendelea hivyo, samaki wote wanaovuliwa sasa watakuwa "wameporomoka" ifikapo 2048. Magazeti yakabeba mwaka tu. Sasa mwambie mwanafunzi aachane kwanza na kichwa cha habari, atafute kwenye makala yenyewe hilo neno "kuporomoka" watafiti wamelipa maana gani, alipigie mstari. Atakuta ni pale samaki wanaovuliwa wanaposhuka chini ya asilimia 10 ya kiwango cha juu kilichowahi kuvuliwa. Wanaovuliwa jamani! Waliobaki majini ni hesabu nyingine. Hapo ndo pananiwasha, maana mtoto aliyekulia Mwanza anajua kabisa mzigo ukipungua mwaloni inaweza ikawa sangara wamepungua kweli, inaweza ikawa doria imebana nyavu haramu za makokoro, au bei imeanguka watu wamepaki mitumbwi. Anakijua hicho kitu toka nyumbani, ila hakuna aliyemwambia aingie nacho kwenye grafu ya makala. Na hiyo 2048 yenyewe ni mstari wa grafu ya miaka iliyopita umerefushwa kwenda mbele, kwa sharti kwamba mambo yaendelee vilevile.

Wanaopinga wana hoja moja nzito, mbinu bila maarifa ni bure, asiyejua samaki wanazaanaje atapiga mistari kila sehemu. Kweli, nimeona madaftari yamejaa rangi za hailaita na swali hata moja hakuna. Lakini si ndo sababu kazi hii imfae mwalimu wa bayolojia, yeye mwenye hayo maarifa?

Tena makala ya pili ipo. 2009 Worm huyohuyo alikaa na Ray Hilborn, mtaalamu wa uvuvi aliyekuwa akimkosoa hadharani, wakaandika pamoja na wengine hukohuko Science, wakakuta kwenye maeneo 5 kati ya 10 waliyoyachambua kasi ya uvuvi imepungua, huku asilimia 63 ya makundi ya samaki yaliyopimwa duniani bado yanahitaji kuachiwa yaongezeke. Wape zote mbili, waulize kila moja imepima nini. Vipindi viwili vya kufuatana vinatosha.