Pikapu ijayo ya Land Cruiser: kipi kibaki, kipi kiondoke

Toyota haijaonyesha mrithi wa pikapu ya Land Cruiser 70, lakini ishara za mabadiliko zimeshakuwa nyingi mno kusubiri uzinduzi ndipo tuanze kujadili. Januari 2025 Australia, mojawapo ya masoko makubwa ya gari hili, ilianza kutumia kanuni mpya za hewa ukaa kwa magari mapya. Mwaka huohuo injini ya dizeli ya V8 ya lita 4.5 ikaagwa katika soko hilo, ikabaki ya silinda nne ya lita 2.8, jamaa wa ile iliyomo kwenye Hilux na Prado. Novemba Toyota ikazindua Hilux mpya jijini Bangkok, safari hii ikiwa pia na toleo la betri tupu, na ikaahidi toleo la haidrojeni mwaka 2028. Pikapu iliyozaliwa 1984 haiwezi kukaa nje ya mkondo huo milele. Ikiingia, itatufaa sisi wa katikati ya nchi?

Nauliza hivyo kwa sababu Dodoma na Singida ni mahali ambapo gari hili linafanya kazi halisi. Linapeleka askari wa wanyamapori Rungwa na Swagaswaga, mafundi wa visima Chemba, wahudumu wa afya kwenye vijiji vya Mpwapwa na Bahi. Lami imeboresha mengi: Iringa tunafika kupitia Mtera bila vumbi, Babati tunafika kupitia Kondoa, na tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 safari ya Dar es Salaam haidai tena gari kubwa. Kazi iliyobakia kwa pikapu hii ni ile inayoanza pale lami inapoishia, na huko ndiko tuupimie muundo wake.

Wanaotaka isiguswe wana hoja nzito. Injini ya zamani ya dizeli ya pikapu hii, 1HZ, silinda sita, lita 4.2, haina tabo (turbo) wala kompyuta. Pampu yake ya dizeli inaendeshwa kwa gia za injini yenyewe, na umeme inaouhitaji ili iendelee kuunguruma ni wa waya mmoja tu, ule unaofungua njia ya dizeli kwenye pampu. Waya huo ukikatika, fundi yeyote wa Manyoni ataurukia kwa kipande kingine moja kwa moja kutoka kwenye betri na gari litaondoka. Ekseli ya mbele ni nzima, nyuma kuna mabamba ya springi. Bamba likivunjika unalifunga kwa mnyororo, unafika. Vioo vya milango havina mikunjo ya ajabu, kwa hiyo hata mkata vioo wa mjini anaweza kukuchongea kingine. Tangi la pikapu ya kebini moja linabeba lita 130, na anayekwenda pori la akiba la Kizigo anajua maana ya kutotafuta kituo cha mafuta njiani.

Kuna jambo jingine lisilosemwa sana, nalo ni chasisi. Kwenye pikapu hii kebini na bodi ni vitu viwili vilivyokaa mbalimbali juu ya fremu moja ya chuma. Gari linapovuka korongo kwa pembe, tairi moja juu na nyingine shimoni, fremu inajipinda kidogo, na pengo kati ya kebini na bodi linafunguka upande mmoja na kubana upande wa pili. Ukisimama kando unaliona kwa macho. Gari ambalo bodi na kebini vimeundwa kuwa kitu kimoja halina pa kujipindia, msukosuko wote unaishia kwenye maungio ya mabati. Lipakie pipa la maji na askari sita halafu lizungushe msimu mzima kwenye njia za doria, nyufa zitaanza kujionyesha kwenye kona za bodi. Katika hili sioni nafasi ya maridhiano: fremu ibaki.

Lakini upande wa pili nao haujakaa kimya, na silaha yake kali zaidi imo ndani ya gari hilihili tunalolisifu. Upana kati ya tairi za mbele unazidi ule wa nyuma kwa karibu milimita 95. Hali hiyo ilikuja 2007, sehemu ya mbele ilipopanuliwa ili V8 iingie, na sehemu ya nyuma ikaachwa kama ilivyokuwa. Kwenye lami hutalijua. Ingia kwenye mto wa mchanga, Bubu au Kinyasungwe wakati wa kiangazi, halafu shuka uangalie nyuma: badala ya alama mbili za tairi utakuta nne, zimekaribiana mbilimbili. Maana yake tairi za nyuma hazipiti pale za mbele zilipokwisha kushindilia. Zinachimba mchanga mpya, na injini inafanya kazi mara mbili. Kwenye udongo mweusi wa mbuga za Bahi mwezi wa pili, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utapita au utalala. Kasoro ya namna hiyo imeachwa kwa miaka mingi kwa sababu gari linauzika hata hivyo. Anayesema lisiguswe anatetea na hilo.

Nguvu nayo. 1HZ ina nguvu farasi karibu 130. Ile ya lita 2.8 ina 204 na msukumo wa nyutonimita 500, inakunywa mafuta machache kuliko 1HZ, na inapanda kingo za Bonde la Ufa pale Saranda ikiwa na mzigo bila kumlazimisha dereva kushuka hadi gia ya pili. Kwa taasisi yenye magari mengi, tofauti hiyo ya mafuta ni fedha ya kununulia tairi. Usalama pia hauna mjadala: mifumo inayozuia gari kuyumba na kupinduka inategemea sensa na kompyuta, na ilipoongezwa kwenye pikapu za Australia mwaka 2016, pamoja na mifuko zaidi ya hewa, toleo la kebini moja lilipata nyota tano kwenye majaribio ya ajali ya nchi hiyo. Dereva wa Kondoa anayekimbiza mgonjwa usiku anastahili ulinzi uleule.

Hofu ya kweli kuhusu injini mpya iko kwenye moshi wake. Injini za dizeli za kanuni kali zina chujio linalonasa masizi, na masizi hayo lazima yaunguzwe mara kwa mara kwa joto kubwa. Joto hilo linakuja vizuri gari likitembea kasi kwa muda mrefu. Gari la doria linalojikokota kilomita ishirini kwa saa siku nzima halilipati. Mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ya Australia ilikubali kwamba mfumo huo ulikuwa na kasoro kwenye Hilux, Prado na Fortuner zaidi ya 260,000 zilizouzwa huko kati ya 2015 na 2020. Ikiwa chujio lilishindwa Australia, kwetu itakuwaje? Afrika Mashariki ilishusha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, hatua nzuri, ila injini za Euro 5, kiwango cha Ulaya cha moshi wa magari, zimebuniwa kwa sehemu 10. Na hapo bado hatujataja dizeli ya kwenye madumu vijijini. Jambo la kutia moyo ni kwamba Toyota inauza injini za familia hiyohiyo bila chujio katika nchi zenye kanuni nyepesi, kwa hiyo nguvu mpya na chujio si lazima vije pamoja.

Umeme nitausemea kwa kifupi. Hilux ya betri ina kilowati-saa 59.2, umbali wa karibu kilomita 240, inabeba kama kilo 715 na kuvuta kilo 1,600, wakati ya dizeli inabeba tani moja na kuvuta tani tatu na nusu. Dodoma hadi Manyoni ni zaidi ya kilomita 120. Kwenda na kurudi betri imeisha, na Rungwa hujaiona. Sifa moja niipe haki yake: inavuka maji yenye kina cha milimita 700 sawa na ya dizeli, kwa hiyo woga wa umeme na mafuriko usitumike kuipinga. Kwa mizunguko ya mjini na Mtumba, gari la betri linafaa leo. Kwa porini, kizazi hiki hakifai.

Sasa mrithi atakuwaje? Toyota ina njia tatu mbele yake. Inaweza kuendelea kupaka sura mpya kwenye mifupa ya zamani, kama ilivyofanya 2023 iliporudisha taa za duara. Inaweza kuihamishia pikapu kwenye chasisi ya Land Cruiser 300 na 250, nzuri sana lakini ghali na yenye springi za koili pande zote. Au inaweza kutumia chasisi ya familia ya Hilux, ambayo Oktoba 2025 ilizaa Land Cruiser FJ, gari dogo zaidi. Mimi nadhani kwanza itavuta njia ya kwanza kadiri kanuni zitakavyoruhusu, kisha ije njia ya tatu ikiwa imeimarishwa, kwa sababu gharama zinaelekeza huko. Hilux Champ ya Thailand ya mwaka 2023 inaonyesha kampuni bado inajua kutengeneza gari rahisi: fremu tupu nyuma, yenye matundu ya boliti, mnunuzi afunge bodi anayotaka. Wazo hilo likipanuliwa hadi kwenye pikapu nzito, bodi ya doria yenye mabenchi ingeweza kutengenezwa hapa Dodoma badala ya kuagizwa.

Kinachonisumbua katika njia ya tatu ni ekseli ya mbele. Familia ya Hilux inatumia mikono inayojitegemea kila upande. Inalainisha safari, lakini ina maungio na mabushi mengi yanayokufa haraka kwenye barabara za makorongo. Ekseli nzima ni nzito na inarusha abiria, ila inavumilia. Kati ya raha ya dereva na gari kurudi nyumbani, nachagua la pili.

Muundo wa gari hili kwa kweli unaamuliwa na wateja wakubwa, na Tanzania inaweza kuwa mmoja wao. Serikali hununua magari kwa pamoja kupitia GPSA na kuyatengeneza kupitia TEMESA. Taasisi hizo zikiandika matakwa yao kwenye zabuni kwa undani, mtengenezaji atasoma. Ningependa yaandikwe hivi: fremu tofauti na bodi, ekseli nzima mbele, mabamba ya springi nyuma, tairi za nyuma zifuate alama za mbele, tangi lisilopungua lita 130, injini ya kompyuta bila chujio la masizi, mfumo wa kuzuia kupinduka. Na sharti ambalo si la chuma: kompyuta ya gari isomeke kwa kifaa cha kawaida, bila leseni ya wakala aliyeko Dar es Salaam, ili fundi wa Kibaigwa aweze kuona sensa gani imekufa na kuibadilisha gari likiwa palepale lilipokwama.