Kijana wa pwani na kazi za hoteli, tunamlaumu nani?

Kila yakizungumzwa mambo ya ajira kwenye mahoteli ya Zanzibar maneno ni yaleyale. Wenye hoteli wanasema vijana wa vijijini hawana elimu, kazi hawaziwezi, ndo mana wanaajiri watu wa bara na Wakenya. Wanavijiji wanasema tunabaguliwa kwenye ardhi ya babu zetu. Afu kuna kundi la tatu, mara nyingi watu wa mjini waliosoma, hawa wanasema kijana wa Nungwi au Kiwengwa kajiharibia mwenyewe, kaona wazungu kaacha skuli kaenda ufukweni kuwa papasi, yani kuwazungukia watalii awauzie safari na vitu vidogovidogo. Mie nataka nilipitie hili polepole, manake huyu kijana ndo anayesemwa kuliko wote na ndo anayesikilizwa kidogo kuliko wote.

Wenye hoteli kwanza, hoja yao si ya kupuuza. Mgeni kalipa dola 300 kwa usiku mmoja, akikaa mezani anataka mtu atakayemuelewa mara moja na atakayejua samaki kapikwaje na ndani mna nini kama ana mzio. Menaja hana miezi sita ya kumfundisha mtu. Hoteli nyingi zinafunguliwa msimu ushafika na mkopo wa benki unadaiwa, sasa akipata mtu wa Arusha au Mombasa aliyekwishafanya kazi miaka minne, lugha anayo, anakaa palepale kwenye nyumba za wafanyakazi, kwa nini asimchukue? Kijana wa kijijini akifiwa na jirani lazima aende maziko, asipokwenda kijiji kizima kinamuuliza, na Ramadhani ikiingia kuna wanaoomba kuondoka kabisa kwenye baa. Kwa mtu wa biashara hesabu hiyo haina ugumu.

Lakini huyo Mkenya hakuzaliwa anajua kuhudumia mgeni. Kenya walifungua Chuo cha Utalii Nairobi mwaka 1975, na fedha za kukiendesha zikawa zinatoka kwenye tozo ya asilimia 2 inayokatwa mahotelini na kwenye mikahawa. Yani hoteli zenyewe zilichangia kumsomesha mtu ambaye zitamuajiri. Leo menaja wa Paje anamsifu Mkenya kwa ujuzi wake, na ujuzi huo umelipiwa na watu wengine miaka hamsini sasa, afu anamgeukia kijana wa Paje ambaye hakuna aliyemlipia chochote anamwambia wewe hufai. Mie hapo ndo nashindwa kukubali.

Na Kenya yenyewe si mfano mzuri kwa kila kitu. Nenda Diani au Malindi utasikia malalamiko haya haya, Mdigo na Mgiriama wanasema kazi nzuri zimeshikwa na watu wa bara. Chuo kilikuwepo ndiyo, ila kilikuwa Nairobi, na aliyekuwa karibu na Nairobi au mwenye baba wa kumlipia ada ndo aliyefaidi. Chuo cha pili, cha Ronald Ngala kule Kilifi, kimekuja baadaye sana na ujenzi wake ukakwama miaka mingi. Kwa hiyo kuwa na chuo tu hakutoshi, kilipo na anayeingia ndani yake ni jambo zito vilevile.

Sasa tumuangalie huyu papasi. Kiwengwa wageni wengi kwa miaka mingi ni Wataliano, na ukipita ufukweni asubuhi utamkuta kijana anaongea Kitaliano kinachoeleweka, hakukisoma popote, kakiokota mchangani. Anauza safari ya snokeli. Msikilize kidogo: anataja bei kwa euro, mgeni anauliza kwa dola, yeye anaigeuza kichwani, anatoa mafuta ya boti na fungu la nahodha kwa shilingi, anajua abakize ngapi na ashuke mpaka wapi. Anamwambia mgeni kesho tuondoke saa mbili na nusu, kesho kutwa saa tatu na kitu, manake maji yanachelewa kila siku, na wiki ijayo ni bamvua maji yatatoka mbali mno boti itakaa mchangani. Yote hayo yamo kichwani. Kijana huyuhuyu matokeo yake ya fomfoo ni ziro, na hesabu kapata F.

Mtu akinambia huyu hafundishiki sitomuamini. Mtu huyu kajifunza lugha ya tatu bila mwalimu! Kilichomshinda ni kusoma miaka minne ya sekondari masomo karibu yote kwa Kiingereza ambacho nyumbani hakisemwi, mwalimu mwenyewe anakitafuta, darasa limejaa. Na hata angefaulu, kwenye mtihani hakuna mahali alipoulizwa kitu kinachofanana na kazi iliyo mita mia mbili kutoka skuli yake. Nimsikie mtu anasema kaacha skuli kwa uvivu? Aliangalia kaka zake waliomaliza wakakaa baraza, akaangalia wenzake wa ufukweni wanaorudi na chochote jioni, akaamua. Uamuzi mbaya kwa muda mrefu, hilo nakubali kabisa, akifika miaka 35 watalii hawamtaki tena na cheti hana. Ila ulikuwa uamuzi wenye akili kwa yale aliyokuwa anayaona.

Kuna takwimu moja hainiachi. Mwaka 2015 Zanzibar ilipokea wageni karibu laki 3, mwaka 2019 wakafika 538,264. Karibu mara mbili ndani ya miaka minne! Kwenye tafiti za serikali za matumizi ya kaya, umaskini wa mahitaji ya msingi ulikuwa asilimia 30.4 mwaka 2014/15, ule utafiti wa 2019/20 ukaja na 25.7. Wageni karibu maradufu, umaskini pointi zisizofika tano. Nimeigeuza kila upande hii. Anayetetea sekta atasema, na ana haki, kwamba watu wanaongezeka haraka sana hapa, sensa ya 2012 tulikuwa milioni 1.3 na ya 2022 tukakaribia milioni 1.9, sasa kushusha asilimia huku watu wanaongezeka kiasi hicho si kazi ndogo, na bila utalii pengine ingepanda. Sawa. Lakini igeuze tena: kama watu wanaongezeka hivo, asilimia ikishuka kidogo idadi ya vichwa inaweza kubaki palepale, yani walioko kwenye umaskini ni walewale kwa wingi huku hoteli zimejaa pwani nzima kutoka Nungwi mpaka Makunduchi. Ikiwa fedha inapita kijijini na haikai, lazima kuna mahali inapovujia, na mie naamini tundu kubwa ni mshahara. Mboga unaweza kuagiza mjini, samaki utanunua kwa mvuvi wa hapo, ila mshahara wa menaja, mhasibu, mpishi mkuu na fundi wa mitambo ukienda kwa mtu wa mbali unaondoka nao kila mwezi. Wa hapa wanabakiwa na ulinzi, bustani na kufagia mwani ufukweni. Kazi za halali, hakuna ubaya, ila ukizifanya miaka kumi unabaki palepale ulipoanzia.

Wapo wazee wanaopinga kabisa habari ya elimu ya utalii na hoja yao inanipa shida kuijibu. Wanasema sikumsomesha mwanangu aje kuwa weita. Wanasema mkiwafundisha watoto wote kuhudumia wageni, siku wageni wasipokuja mtakula nini, na 2020 iliwapa ushahidi: wageni walishuka mpaka 260,644, chini ya nusu ya mwaka uliotangulia, mahoteli yakafunga na watu wakarudi baharini na mashambani. Hili ni kweli tupu. Ndo mana mie sisemi skuli zigeuzwe viwanda vya wahudumu. Umeme wa hoteli, majokofu, mabomba, uhasibu, kompyuta, kilimo cha mboga, hivi vyote hoteli inavihitaji na mgeni asipokuja bado ni ujuzi unaokulisha. Chuo cha Amali, yani cha ufundi, cha Mkokotoni si mbali na Nungwi na vitu vya namna hii vinafundishwa. SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, wana utalii pale Maruhubi karibu na mjini. Jambiani kipo chuo kidogo cha utalii kijijini kabisa, na kuna mpango wa uanagenzi ulioanzishwa kwa msaada wa ILO, Shirika la Kazi Duniani, kijana anagawa muda wake darasani na hotelini. Kwa hiyo si kwamba hakuna kilichofanywa. Kinachokosekana ni hoteli zenyewe kutia mkono mfukoni kama zilivyotia Kenya, na nafasi kufika kwa mtoto ambaye nauli ya kwenda Maruhubi kila siku kutoka Matemwe mzazi wake hana.

Khasa mtoto wa kike. Mama wa Paje na Jambiani ndo waliobeba ada na sare za watoto kwa fedha za mwani toka mwisho wa miaka ya 80, afu bahari ikapata joto, ule mwani wenye bei nzuri ukawa unakufa, na pale Paje sasa wanagombea maji na watu wa kaiti, wale watalii wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tiara. Binti yake ndo angefaa kuingia hotelini kwenye kazi ya maana. Wazazi wengi hawataki, wanaogopa pombe na kurudi usiku. Watu wa mjini wanaliita hilo ushamba. Hebu tuwe wakweli, binti anatoka kazini saa tano usiku, gari hakuna, njia ya mchanga imezungukwa na vichaka na majengo yasiyokwisha, wewe ungekubali? Hoteli ikiweka gari ya kuwarudisha wafanyakazi na zamu za mchana kwa wanaotaka, nusu ya huo unaoitwa ushamba unaondoka siku hiyohiyo. Menaja mmoja aliwahi kunambia gari ni gharama. Ni gharama kweli, lakini kuleta mtu kutoka mbali, kumpa chumba, kumlisha na kumlipia boti ya likizo nako si bure.

Na vijana nao wasikie upande wa pili. Wapo wanaopata nafasi ya mafunzo wanaiacha mwezi wa pili kwa sababu posho ni ndogo kuliko walichokuwa wanaokota ufukweni. Wapo wanaochelewa zamu wakidhani barua ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wao, itawalinda. Mwalimu wa mafunzo akivunjika moyo na kundi moja, kundi linalofuata ndo linaloumia.

Sasa kuna Pemba. Barabara ya Chake Chake mpaka Mkoani inajengwa upya, uwanja wa ndege unapanuliwa, na wawekezaji wanaitwa kila siku. Hoteli bado ni chache, kwa hiyo kuna jambo ambalo Unguja hatukulipata, nalo ni muda. Mtoto aliyepo fomutuu Micheweni au Konde leo, hoteli zikifunguliwa baada ya miaka mitano atakuwa na miaka kama ishirini, umri hasa wa kuanza kazi. Vitongoji chuo cha Amali kipo tayari. Mwekezaji akija kusaini mkataba wa ardhi aulizwe hapohapo, kabla ya kalamu kugusa karatasi: wafanyakazi mia utakaowahitaji unaanza kuwasomesha lini, wapi, na nani analipa? Akijibu kwamba atatafuta wakati wa kufungua, basi tunajua watatoka wapi, na sheha asije kuulizwa baadaye kwa nini vijana wake wako ufukweni.