Nani apewe kihariri chenye vitufe vyote?

Huku Lamu, wenye nyumba za wageni Shela, makatibu wa madrasa Langoni na vijana wanaotangaza mashindano ya mashua, wakitaka tovuti huja na sharti linalofanana: waweze kuandika wenyewe. Si kujaza fomu. Wanataka herufi nzito panapostahili, picha katikati ya maelezo, na bango la PDF mwishoni. Kwa mtengeneza tovuti, hicho ni kihariri cha maandishi kinachopokea faili, na mafundi hawajawahi kuelewana juu yake.

Wanaosema mteja apewe wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyokubali. Bila kihariri, kila tangazo hupitia kwa fundi. Ratiba ya Maulidi inabadilika usiku, katibu anapiga simu, fundi yuko harusini Mombasa, na ratiba ya zamani inabaki hewani hadi wageni wameshavuka kutoka Mokowe. Mwenye habari ndiye aiandike. Isitoshe, kukiweka si kazi ngumu siku hizi: vihariri vya TinyMCE, CKEditor na Quill vipo tayari, na Rails, mfumo wa kutengenezea tovuti, tangu toleo la 6 la mwaka 2019 huja na Action Text, sehemu inayotumia kihariri cha Trix na kuhifadhi faili kupitia Active Storage, ghala la faili la Rails yenyewe.

Upande wa pili unataka kisanduku kitupu: maandishi matupu, picha ziletwe kwa WhatsApp, fundi aziweke. Na wao hawasemi ovyo. Katibu akinakili ratiba kutoka Word na kuibandika, haliji jedwali peke yake. Kila aya inakuja na alama za Word kama class="MsoNormal", jina la fonti na vipimo vya pambizo. Kwenye kompyuta ya ofisini inapendeza. Kwenye simu, safu ya saa inatoka nje ya skrini. Hiyo ni kero tu, husafishwa ikaisha.

Hatari yenyewe ni kwamba kihariri hutoa HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, na HTML inaweza kubeba JavaScript, yaani msimbo unaoendeshwa na kivinjari cha msomaji. Oktoba 2005 Samy Kamkar aliweka msimbo kwenye ukurasa wake wa MySpace, mtandao wa kijamii. Kila aliyeutazama akiwa ameingia kwenye akaunti yake aliambukizwa, na kabla ya siku kwisha akaunti zaidi ya milioni moja zilikuwa zimeubeba. MySpace walikuwa na kichujio. Kamkar alilikata neno javascript katikati kwa kushuka mstari. Kichujio hakikulitambua, baadhi ya vivinjari vikalisoma kama neno moja. Kwa hiyo fundi anayejitetea kwamba kihariri chake hakina kitufe cha kuweka msimbo hajaelewa shida ilipo, maana mwenye nia mbaya hapiti kwenye kihariri. Anatuma ombi lake moja kwa moja kwa seva, na huko ndiko usafi ufanyike: vitajwe vitambulisho vya HTML vinavyoruhusiwa, vingine vyote vitupwe.

Faili ndiyo inayonikosesha usingizi zaidi. Picha ya simu hufika megabaiti 4 kwa urahisi. Nginx, programu ya seva, isipoguswa mipangilio yake haipokei ombi linalozidi megabaiti 1, na PHP, lugha inayoendesha tovuti nyingi, ikiachwa ilivyo hukomea faili ya megabaiti 2. Nginx inajibu 413, yaani ombi ni kubwa mno, lakini katibu haioni hiyo 413. Anaona duara likizunguka, kisha kimya. Anabonyeza tena, na tena, bando linakwisha, na lawama ni za fundi. Kupandisha kikomo peke yake hakutoshi kwa mtandao wa visiwani. Afadhali kivinjari kiipunguze picha kabla haijaondoka kwenye simu. Pikseli 1600 za upana zinatosha kabisa kumwonyesha mgeni roshani inayotazama Manda.

Yako mengine yanayojificha. Quill, ikiachwa ilivyo, huigeuza picha kuwa maandishi ya base64 na kuichomeka ndani ya habari yenyewe: uzito unaongezeka kwa theluthi, na hifadhidata inavimba. Faili ikipakiwa papo hapo, mwandishi akaghairi, inabaki kwenye seva bila mwenyewe. SVG, aina ya picha inayoandikwa kwa maandishi, huonekana picha ilhali inaweza kubeba msimbo, basi isipokelewe. Halafu picha ya simu mara nyingi hubeba mahali ilipopigwa. Ikiwa ni ya watoto wa madrasa, hilo si la mzaha: Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Seva ifute taarifa za mahali kwenye kila picha, isimwachie katibu akumbuke.

Kwangu mimi kihariri kitolewe, ila kwa watu wanaojulikana. Katibu na mwenye nyumba wapate kichwa kidogo, herufi nzito, orodha na kiungo. Rangi na fonti zifichwe (anayebisha nimpeleke akaone tangazo la tanzia lililoandikwa kwa rangi nne). Picha zipakiwe kwanza kwenye ghala la picha, zikaguliwe, ndipo zichaguliwe kuingia kwenye habari. Msomaji anayetoa maoni apewe kisanduku kitupu, wala asipewe nafasi ya kuleta faili.

Kitufe kimoja ningekirudisha Lamu, cha mwelekeo wa maandishi. Mwenye kuweka beti za utenzi kwa herufi za Kiarabu, pamoja na maelezo kwa herufi za Kilatini, anahitaji aya moja ianzie kulia na nyingine kushoto. TinyMCE ina kiongezi cha kazi hiyo, na Quill pia inaiweza. Kijaribiwe kwa ubeti wenyewe kabla ya kuchagua.

Linalobaki ni matunzo, na hapo ndipo wenye kisanduku kitupu wanaponivuta kwao. CKEditor 4 ya bure ilikoma kuhudumiwa Juni 2023, na tovuti zilizokuwa nayo hazikuhama zenyewe. TinyMCE nayo ilitoka leseni ya MIT, yenye masharti machache, kwenye toleo la 6 ikaingia GPL, yenye masharti zaidi, kwenye toleo la 7, mwaka 2024. Mtu afuatilie mambo hayo, na mtu huyo alipwe. Bei ya matunzo iandikwe kwenye makubaliano ya mwanzo, kando na bei ya kutengeneza. Mteja akiikataa, na wengi huikataa, mimi ningempa kisanduku kitupu na namba ya WhatsApp ya fundi.